Matairi Yaliyopauka

Kaeni kitako. Na wewe, toa kidole puani. Leo nawasimulia habari za Siwema, na za mjuaji mmoja.

Siwema alikuwa na miaka sita. Aliishi Korogwe na Babu, Bibi na Shangazi Tunu.

Babu alikuwa na gari la zamani. Kabla ya kuwaka, lilikohoa kwanza. Kho! Kho! Kho! Vruuum!

Siku hiyo Shangazi Tunu alikuwa anaolewa. "Nitapanda gari la baba," alisema. "Ndilo lililonileta nyumbani nilipozaliwa. Sitaki lingine."

Babu akaliosha gari. Bodi ikawa safi. Vioo vikawa safi. Lakini matairi, mh! Yalikuwa yamepauka, na tope la masika limeganda ubavuni.

Ndipo akaja Mjomba Fumbwe. Mjomba Fumbwe hakuwa na gari. Hata baiskeli hakuwa nayo. Lakini sikieni maneno yake.

"Nipisheni! Magari nayajua mimi!"

Nyoo! Anayajua, eti.

"Harusi ni alasiri," Mjomba akasema. "Matairi yakibaki hivi, bibi harusi hapandi. Watu watatucheka! Nitaita gari la kukodi."

Shangazi Tunu akaligusa gari la baba yake. Machozi yakamlengalenga. Siwema akamwona, na roho ikamuuma sana.

"Mjomba, tuyasugue basi," Siwema akasema.

"Kusugua? Nyie watoto mnajua nini?" Mjomba akaingia jikoni. Akatoka na mafuta. Mafuta ya pilau, jamani! Ya pilau ya harusi!

Akayamimina kwenye tairi. Mwaaa! Paka, paka, paka. Akamaliza matairi yote manne.

Tope lilitoka? Thubutu! Lilikaa palepale, sasa likiwa na mafuta. Matairi yakang'aa kidogo, kwa kufumba na kufumbua tu.

"Mnaona?" akasema Mjomba, kifua mbele. "Magari nayajua mimi!"

Nyoo! Anayajua, eti.

Upepo ukaja. Fuuu! Vumbi likaruka. Likanata.

Kina mama walikuwa wanapepeta mchele. Pumba zikaruka. Zikanata.

Kuku wakaja mbio. Ko! Ko! Ko! Wakadonoa, wakajisugua. Manyoya nayo yakanata.

Mmewahi kuona tairi lenye manyoya? Pale Korogwe yalikuwapo manne. Na aliyeyaotesha alijiita mjuzi!

Mjomba Fumbwe akajikuna kichwa. "Matairi yenyewe ndiyo mabovu," akasema. "Naenda kuita gari la kukodi." Huyooo, akaondoka.

Shangazi Tunu akajifungia chumbani.

"Siwema!" Bibi akaita. "Kaoge, uvae!"

Siwema hakutaka kuoga. Maji yalikuwa baridi. Akachukua chupa ya glisarini, akajipaka miguuni. Paka, paka, paka.

Bibi akamtazama miguu. "Mke mwenzangu, umeoga?"

"Nimeoga, Bibi."

"Nyoo! Umeoga wapi wewe? Umepaka mafuta juu ya uchafu! Rudi bafuni. Kwanza osha. Halafu sugua. Kausha. Ndipo upake, kidogo tu."

Siwema akarudi, amenuna. Akafanya kama alivyoambiwa.

Osha, osha, chwa, chwa!
Sugua, sugua, kwaru, kwaru!
Kausha, kausha, vizuri.
Ndipo upake, kidogo tu.

Miguu ikang'aa. Siwema akaitazama. Akaitazama tena. Kisha akachomoka mbio na chupa ya glisarini mkononi.

"Babu! Babu! Matairi hayajaoga!"

"Nini?"

"Mjomba ameyapaka mafuta, na hayajaoga!"

Babu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akakunja suruali. Akaleta ndoo, sabuni na brashi.

Osha, osha, chwa, chwa!
Sugua, sugua, kwaru, kwaru!

Manyoya yakatoka. Pumba zikatoka. Maji yakawa meusi tii. Wakabadilisha maji mara tatu. Mikono ikamuuma Siwema, lakini hakuacha.

Kausha, kausha, vizuri.
Ndipo upake, kidogo tu.

Babu akachanganya glisarini na maji. Siwema akachovya kitambaa.

"Ubavuni tu, mjukuu wangu," Babu akasema. "Panapokanyaga barabara tusipapake. Tutateleza na bibi harusi wetu!"

Tairi la kwanza likang'aa. La pili likang'aa. La tatu. La nne. Meusi, safi, mazuri!

Pii! Pii! Mjomba Fumbwe akafika na gari la kukodi. Gari kubwa, jeupe, lenye maua. Na matairi yake? Yamepauka kuliko yale ya Babu asubuhi! Mjuzi wa magari hata hakuyaangalia.

Shangazi Tunu akatoka. Vigelegele vikalia. Alilitazama gari jeupe. Akalitazama gari la Babu, juu mpaka chini.

"Nani ameyang'arisha matairi?"

"Mimi na Babu," akasema Siwema. "Tumeyaogesha kwanza."

Shangazi Tunu akamkumbatia. Akalipita gari jeupe, akapanda gari la baba yake. Siwema akakaa mbele.

Mjomba Fumbwe akasogea dirishani. "Hata mimi ningeyasugua," akasema. "Magari nayajua mimi!"

Siwema akatazama chini. Viatu vya Mjomba viling'aa kwa rangi ya viatu. Chini ya rangi kulikuwa na tope.

"Mjomba," Siwema akauliza kwa adabu, "viatu vyako vimeoga?"

Watu wakaangua kicheko! Hata Babu. Hata bibi harusi mwenyewe.

Kho! Kho! Kho! Vruuum! Wakaenda harusini.

Siwema alicheza ngoma peku. Jioni alirudi na usingizi machoni na vumbi miguuni. Akapanda kitandani.

"Mke mwenzangu," akasema Bibi. "Kwanza?"

"Kwanza osha," akajibu Siwema. Akashuka, akaosha miguu. Chwa, chwa. Akakausha, akalala.

Nje kulisikika sauti. Kwaru, kwaru. Alikuwa Mjomba Fumbwe, amejificha nyuma ya jiko, anasugua viatu vyake.

"Viatu navijua mimi," alikuwa akijisemea.

Nyoo!

Haya, nanyi kalaleni. Lakini nionyesheni miguu kwanza.