Mtandio wa Bibi na Helikopta

Kila asubuhi, kabla abiria hawajaamka, shangazi yangu alikuwa ameshakunja mlima wa taulo. Alifanya kazi katika chumba cha dobi kwenye meli kubwa ya watalii, na safari ile wafanyakazi waliruhusiwa kuja na jamaa zao. Akamleta mama yake, yaani bibi yangu, pamoja na mimi. Nyumbani wananiita Kiherehere, eti mdomo wangu haujui kutulia. Waniite wapendavyo, mimi sijali.

Asubuhi moja nilimpelekea Bibi chai. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, ameshika bega la kushoto.

"Bibi, unaumwa?"

"Kichefuchefu cha bahari tu. Lete chai."

Nikachungulia dirishani. Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. "Bahari ipi hiyo, Bibi? Mbona hata chai haitikisiki?"

"Toka hapa na upelelezi wako!" Kisha akapunguza sauti. "Kifua kinabana, na taya linavuta kidogo. Ole wako umwambie mtu! Watasema shangazi yako analeta wagonjwa melini, na kazi yake itaota mbawa."

"Si wewe unayesema kila siku, mficha maradhi kilio kitamuumbua?"

"Hiyo methali ni ya watu wengine," akanijibu.

Nilitoka mbio hadi chumba cha dobi nikamweleza Shangazi. Alikuwa na foronya mkononi, na uso ukamsawijika. Lakini alisema, "Mama amechoka tu. Kesho tutafika bandarini, tutampeleka hospitali. Usinitie balaani, mwanangu."

"Na asipoiona hiyo kesho?"

"Nyamaza! Ukimwambia daktari neno moja, hutapanda meli tena maishani."

"Basi sipandi!" nikapiga kelele. "Nitatembea kwa miguu!"

Nikampita, nikapanda ngazi mpaka zahanati ya meli. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, hakuniuliza mara mbili. Alibeba mkoba wake tukashuka pamoja. Bibi aliponiona naye, alinikazia macho ya kuniunguza. Nami nikamkazia.

Daktari alimbandika nyaya kifuani, akatazama mistari ya moyo kwenye karatasi. "Mama, mshipa wa moyo umeziba. Nitakupa dawa, lakini hapa sina vifaa vya kuuzibua. Ukingoja kesho, moyo utaharibika vibaya. Namwomba nahodha aite helikopta."

"Helikopta!" Bibi akang'aka. "Mimi si gunia la viazi, ninyanyuliwe kwa kamba!"

"Utanyanyuliwa," nikasema.

Juu, mabaharia walikuwa tayari wanaondoa viti kwenye sitaha, kwa kuwa upepo wa helikopta hupeperusha kila kisichofungwa. Taulo moja tu ikinaswa kwenye mapanga yake, ni maafa. Kukusanya taulo ilikuwa kazi ya Shangazi. Alizizoa huku analia, nami nikazoa naye. Abiria fulani akainua simu apige picha, kofia yake pana ikiwa kichwani. Nikamfokea, "Vua kofia! Hii si sinema, ni bibi yangu!" Akaivua, akaondoka.

Helikopta ikaja ikaning'inia juu yetu, haina mahali pa kutua. Sisi tulisubiri nyuma ya mlango wa sitaha na Bibi kwenye machela. Kamba ya chuma iliteremshwa, lakini hakuna aliyeigusa mpaka ncha yake ilipogonga sitaha. Daktari alinieleza kwamba huwa ina umeme inaoukusanya angani, nao lazima uishie sitahani kwanza. Mwokoaji akashuka, akaja mlangoni kwetu.

"Mama, mtandio huo tuuvue. Ukipeperuka utatuangusha sote."

"Huu alininunulia marehemu mume wangu. Siuachi!"

Nikaufungua mwenyewe kichwani pake, nikaufunga kiunoni kwangu kwa mafundo mawili. "Unakaa kwangu. Ukiutaka, usife!"

Wakamvalisha Bibi kofia ngumu, wakamfunga mikanda, akapaa huku amefumba macho. Hapo ndipo nilipolia, na Shangazi akanikumbatia.

Meli ilipotia nanga tulikwenda moja kwa moja hospitali. Bibi alikuwa ameegemea mito, mshipa umeshazibuliwa. Mkubwa wa Shangazi kazini hakumfukuza. Alimpa ruhusa akae na mama yake.

"Mtandio wangu uko wapi?" Bibi akauliza, hata salamu hajatoa.

"Ninao. Lakini kwanza uahidi kwamba ukiumwa utasema."

"Mtoto huyu!" Alimtazama Shangazi, na Shangazi akainamisha kichwa. Bibi akashusha pumzi. "Sikilizeni nyote wawili. Nilidhani nikinyamaza nawaonea huruma, kumbe nilikuwa nawaandalia kilio. Mwenye maumivu aseme mapema, na anayeambiwa asimnyamazishe aliyemwambia. Kazi hutafutwa nyingine. Mama hatafutwi mwingine."

"Nisamehe, Mama," Shangazi akasema.

"Na wewe, Kiherehere, ungeambiwa unyamaze tena, ungefanyaje?"

"Ningesema tena, Bibi. Hata ungeninunia mpaka uzeeni."

"Uzeeni ndiko huku niliko," akacheka, akainamisha kichwa chake cheupe. "Haya, nimeahidi. Nifunge mtandio wangu."