Udongo Uliowaka

Gari la theluji lilipinduka kwenye mteremko chini ya kambi ya rada iliyoachwa na wanajeshi. Kabla Aluki hajainuka, petroli yote ilishamwagika na jiko lao lilikuwa limepondeka. Upepo ulikuwa unazidi.

"Mguu umevunjika, mama mkwe," Ulaayuk alisema kutoka chini ya sleji, kitoroli cha kuteleza kilichokokotwa na gari.

Mama mkwe! Hata hapo! Aluki alimvuta huku moyo ukimchemka. Mwanawe, Ujarak, alipewa jina la marehemu mume wa Ulaayuk, na kwao jina ni mtu: anayelirithi huhesabiwa kuwa marehemu mwenyewe. Basi mjane huyu alimwita mtoto "mume wangu", akamshonea glavu, akamkatia ini la sili lingali na joto. Mtoto akitoka shule, huyoo, kwa mkewe. Aluki aliyemzaa alirudishiwa mtoto aliyeshiba.

Ulaayuk alikuwa akiwachimbia watafiti udongo wenye sumu pale kambini na kuutia kwenye makopo, na Aluki ndiye dereva wake. Alichonga theluji, akajenga kibanda, akamfunga mguu kwa ubao wa sleji.

Kesho yake midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Kula theluji kuliwazidishia baridi tu. Aluki akatoka, akapata kidimbwi cha theluji iliyoyeyushwa na jua kando ya mapipa yenye kutu, akarudi na kikombe. Leo atakunywa yeye kwanza. Ulaayuk akakipiga kikombe kwa sururu, maji yakamwagika.

"Pale yalimwagwa mafuta ya transfoma, sumu tupu. Nimechimba mwenyewe."

"Ungeniacha ninywe," Aluki alisema. "Mumeo ungebaki naye peke yako."

Ulaayuk aliweka sururu chini.

"Akilala kwangu, usingizini anaita mama, mama. Si mimi anayeniita. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, naziba masikio mpaka kukuche. Unadhani wivu ni wako tu?"

Aluki aliokota kikombe. Alikuwa hajui kama mwanawe humwita.

"Fungua kopo lenye utepe mwekundu," Ulaayuk akaendelea. "Udongo wake umelowa dizeli. Yale mengine usiyaguse, moshi wake ni balaa."

Aluki alimimina udongo kwenye kifuniko, akachana skafu yake, akasokota utambi. Uliwaka kwa shida, ukitoa moshi mweusi, akatoboa tundu darini. Akayeyusha theluji safi ya upande unakotoka upepo, akamnywesha mgonjwa kwanza.

Upepo ulipotulia wakasikia injini. Alikuwa mume wa Aluki, na Ujarak mgongoni kwake. Mtoto akaruka chini, akampita mama yake mbio, akapiga magoti kwa Ulaayuk.

Wivu ukamchoma Aluki palepale pa siku zote. Hata hivyo akainama, akaweka mikono chini ya bega la mjane.

"Ujarak, mshike mkeo upande ule, polepole," alisema. "Uma meno, mkamwana wangu. Tunakuinua."