Neno Alilokula Ngurumo

Kila asubuhi, kabla sijamaliza kupiga mswaki, mdogo wangu hubandika redio sikioni na kuninyamazisha kwa kidole. Sisi wengine tunatafuta soksi na madaftari, yeye anatafuta mvua. Ana miaka kumi na mmoja na watu wote humwita Ngurumo. Jina hilo alilipata kwenye klabu ya hali ya hewa ya shule, watoto watano wanaosubiri radi kama wenzao wanavyosubiri mpira. Msimu wa joto ukianza hutembea na miavuli juani. Mimi ninayelala naye chumba kimoja nimechoka kabisa.

Kazi aliyojipa nyumbani ni kututangazia utabiri wakati wa chai. Jumatano hiyo alisimama mlangoni, akakohoa kidogo, akasema, "Leo alasiri kuna mvua kubwa ya radi."

Shangazi aliweka kikombe chini. Yeye hufyatua matofali ya udongo nyuma ya nyumba, na siku hiyo alikuwa ameanika matofali mabichi mia nne. Fundi mwashi alikuwa akiyangoja ajenge jiko jipya la shule yetu. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Likifunikwa, halikauki, na lisilokauka hupasuka ndani ya tanuri. Basi tukayafunika kwa maturubai, nikabeba mawe ya kukandamiza pembeni, nikafika shule nimechelewa na sketi ina vumbi. Jua liliwaka mpaka jioni.

Alhamisi Ngurumo alitangaza vilevile. Tukafunika, jua likawaka. Ijumaa pia.

"Matofali yanatoka jasho humo ndani," Shangazi alisema akifunua turubai. "Huyo mtu wa redio nikikutana naye, atanitambua. Kesho sifuniki hata moja."

Jumamosi Ngurumo alitoka chumbani bila kukohoa. "Shangazi, leo mvua ni ya kweli."

"Na ya jana ilikuwa ya nini?"

"Shangazi, nakuomba."

"Sitaki kusikia. Yasipokauka leo, Jumatatu sipangi tanuri, na fundi ataondoka zake. Niache."

Ngurumo alisimama pale akichezea kifungo cha gauni. Nilidhani ataanza kulia, maana ndiyo kawaida yake. Badala yake alikwenda akaleta daftari la klabu, ambamo mwalimu wao amewaagiza wanakili utabiri neno kwa neno. Akampa Shangazi, akasema asome.

Shangazi alisoma kwa sauti. "Jumatano. Huenda kukawa na mvua ya radi katika baadhi ya maeneo. Alhamisi, huenda. Ijumaa, huenda." Alifungua ukurasa. "Jumamosi. Mvua kubwa ya radi, upepo mkali na mvua ya mawe vinatarajiwa kuanzia saa sita mchana. Wananchi wachukue tahadhari." Akainua macho. "Mbona hili neno huenda mimi sikulisikia?"

"Nililila, Shangazi."

"Ulilifanya nini?"

"Nililila. Nikisema huenda, hakuna anayeinua hata kichwa. Mnaendelea kunywa chai." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini leo redio yenyewe haikusema huenda."

Nilipandwa na hasira. Nilimkumbusha mawe niliyobeba asubuhi tatu mfululizo na kusimamishwa mbele ya darasa kwa kuchelewa. Nilikuwa bado na mengi, Shangazi akainua mkono.

"Yaweke hayo, na mimi ninayo yangu. Shika turubai."

Tulifunika mstari baada ya mstari. Mawingu yalipanda haraka, upepo ukawa unatunyang'anya maturubai mikononi. Mstari mmoja tu ulikuwa umebaki radi ilipomulika. Ngurumo alikimbilia matofali yale, Shangazi akamshika ukosi wa gauni.

"Ndani! Tofali nitafyatua jingine."

Mvua ya mawe ilipiga bati kiasi kwamba hatukusikilizana. Mdogo wangu, aliyeisubiri siku hiyo mwaka mzima, aliketi sakafuni akiligeuzia dirisha mgongo. Hakuhesabu hata sekunde moja kati ya mwanga na mngurumo. Nilimwonea huruma, ingawa sikutaka.

Mvua ilipokatika tulitoka kutazama. Mstari ule mmoja, matofali arobaini, ulikuwa umegeuka tope. Mengine yote yalikuwa salama. Jua lilirudi, tukayafunua, na kufikia Jumatatu yalikuwa makavu tayari kwa tanuri.

"Sikiliza," Shangazi alimwambia Ngurumo, miguu yao ikiwa topeni. "Mtu wa redio nimemtukana siku tatu bure, kumbe hakunidanganya. Aliniambia anachokijua na asichokijua. Wewe ulinipunguzia neno ili nikusikilize, na ulipokuwa na la kweli karibu nisikusikilize. Ukiwa na habari ya mtu, mfikishie nzima, hata kama haisisimui. Na hilo tope utalikanda wewe."

"Ndiyo, Shangazi."

Alilikanda wiki nzima, na kila asubuhi alitusomea utabiri mzima mpaka chai ikapoa. Siku moja Shangazi alimuuliza kama ataosha vyombo.

"Huenda," alijibu Ngurumo.

Shangazi akamsogezea beseni. "Hilo neno," alisema, "lile."