Sekunde Tisa za Gizani

Kila Jumamosi Kiroboto alifuatana na shangazi yake hadi maabara, akafagie na kuosha vikombe. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu tangu azaliwe hajakaa kitini mpaka kiti kikapata joto.

Shangazi alikuwa mkemia. Alitengeneza unga wa kupakwa kwenye lebo za dawa. Ndani ya unga ule alifungia chembe za kaboni, ndogo hata vumbi likisimama mbele yazo hujiona tembo. Ukiumulika kwa taa maalumu kisha ukazima, uliendelea kung'aa kijani. Kwa kubadili joto la kuuoka, shangazi aliamua ung'ae sekunde tatu au tisa. Lebo halali ingeng'aa tisa kamili. Ya bandia ingeumbuka gizani.

Jumamosi moja, saa nne, mkaguzi wa dawa alifika. Wakajifungia watatu katika stoo isiyo na dirisha. Shangazi akamulika kopo la unga, akazima.

"Moja..." mkaguzi akaanza kuhesabu, akanyamaza. Giza totoro. "Mbona umelala huu?"

Shangazi akarudia. Giza lilelile.

"Dada, hizi ni dawa za watoto. Naandika kwamba jaribio limeshindwa."

"Basi nimekosea kanuni," shangazi alisema. "Miaka miwili yote." Akawasha taa, akabeba kopo kwenda kulimwaga.

Asubuhi Kiroboto alikuwa amelifungua kopo lile kumringishia rafiki yake aliyepita hapo, kisha akalisahau wazi kando ya birika lililokuwa likichemka. Akinyamaza, nani angejua? Birika lina mdomo, lakini halisemi.

"Shangazi, usimwage." Machozi yalimlenga. "Nililifungua mimi. Nikaliacha wazi karibu na birika."

Shangazi akageuka polepole. "Mvuke," alinong'ona. "Unyevu ndio unaouzima. Unga haujaharibika."

"Nakupa saa moja," mkaguzi akasema, akiitazama saa yake.

Unga ukaingia kwenye oveni ukauke. Kiroboto alikaa kitini saa nzima bila kutikisika. Kiti chenyewe hakikuamini. Kisha stoo, taa, giza. Kijani kikachanua.

"...saba, nane, tisa." Ukazimika.

Mkaguzi akacheka. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Huyu hakuficha."

"Ungenyamaza, mwanangu," shangazi alisema, "ningemwaga unga mzima na kutafuta kosa lisilokuwepo. Kosa likisemwa mapema, hutibika." Akamkabidhi brashi. "Na kuanzia leo, kulisugua lile birika ni kazi yako."