Mstari Mweupe wa Maili ya Kumi na Tisa

Saa tano asubuhi, Jumanne ya tarehe 9 Juni 1987, lori la rangi lilipita maili ya kumi na tisa ya Barabara ya Jimbo namba 237, Nebraska.

Barabara hiyo inatoka Haskett hadi Mercer Springs, maili thelathini na nane. Ilikuwa ya changarawe mwaka 1926, ikatiwa lami 1954. Ina kona moja tu, hapo maili ya kumi na tisa, penye shamba la mahindi la Wendell Stroh. Niliwahi kuandika historia yake katika gazeti la wilaya. Haya sikuyaandika. Mhusika ni mjomba wangu.

Mjomba Delmar aliketi nyuma ya lori, akifungua na kufunga bomba la mstari mweupe wa pembezoni. Kwenye kona, dereva wake, Gus, aliona kitu kimetokeza kwenye majani marefu, kimelala ukingoni mwa lami.

"Mzoga huo, kaka. Mpake tu, azikwe amependeza."

Walicheka. Rangi ikapita. Ndipo mjomba akaona kifungo cha mkono wa shati.

Mzoga hauvai kifungo.

Hakupiga kengele ya kusimamisha lori. Alijisemea ni tambara.

Jioni Wendell alikutwa majanini amekufa, moyo ulimsimama. Daktari alikadiria alikata roho saa nane mchana. Lori lilikuwa limepita saa tano. Walipohojiwa, Gus na mjomba walisema hawakuona kitu. Mjane, Lavonne, aliomba auoshe mwenyewe mkono wa mumewe, kwa tapentaini ya kuondolea rangi.

Kila baada ya miaka miwili mstari ule hupakwa upya. Hapo konani rangi haishiki. Hubaki michirizi mitano ya lami nyeusi, upana wa vidole. Wamekwangua. Wamemwaga lami mpya. Michirizi mitano.

Mjomba alianza kwenda kwa Lavonne kila Jumapili baada ya kanisa, akisema moyoni kwamba leo atamwambia. Alimzibulia mifereji ya paa, akala pai yake, akarudi nyumbani. Miaka thelathini na moja. Siku moja mama yule aliweka kisu mezani, akashusha sauti.

"Una jambo, shemeji?"

"Hapana."

"Basi kula."

Lavonne alifariki Februari 2019, bila kuambiwa. Mjomba alibeba jeneza. Watu walimsifu kaburini kwa wema wake kwa mjane, naye akatazama viatu vyake. Ni baada ya mazishi hayo aliponisimulia, mlango umefungwa, bila kuniangalia usoni.

Tarehe 14 Mei mwaka huohuo, saa tano asubuhi, mjomba aliegesha pikapu mbali kidogo na kona, akatembea. Yaliyobaki yamo katika ripoti ya naibu sherifu.

Alikutwa saa nane mchana. Amelala majanini. Mkono ukingoni mwa lami. Hai. Madereva sita walikiri kumpita. Walidhani ni tambara. Naibu aliinama, akamuuliza anafanya nini pale.

"Nangoja asimame mtu," alinong'ona.

Lori la rangi lilikuwa halijapita barabara hiyo tangu mwaka 2017. Naibu alimshika mkono amwinue, akaangalia kiganja chake mwenyewe, kisha akaandika: vidole vitano, rangi nyeupe, mbichi.