Mate Juu ya Upanga wa Kina Hatakeda

Jua linazama, Sayo akamtuma mumewe tofu dukani. Mzee Tokuji, msuguaji wa panga, alikwenda akinung'unika, maana upanga wa watu ulibaki wazi karakanani. Pale Osafune, kijiji cha wahunzi wa panga, hata mtoto anajua: mbele ya upanga ulio wazi husemi neno. Unauma karatasi mdomoni. Tone moja tu la mate, chuma kinashika kutu.

Aliporudi aliuinua dirishani.

Kutu.

Vidoa vibichi, vyekundu, karibu na ncha. Palepale alipovisugua jana. Na juzi.

"Sayo! Umeongea humu?"

"Niongee na nani, nawe hukuwepo?" mkewe alicheka kutoka jikoni. "Uzee huo, mume wangu. Mate ni yako."

Tokuji hakucheka. Upanga ule ulikuwa wa Bi Fumiyo Hatakeda. Shemeji yake aliuchomoa alani, akafa. Mumewe akaurithi, akauchomoa, na mwaka haukugeuka: jioni moja aliitwa mezani, asiitike tena. Sasa zamu ilikuwa ya Ryohei, mwanawe wa pekee, na kijana alikuwa ameshauchomoa kidogo, akauchungulia.

"Nisafishie, fundi, niupeleke hekaluni," mama alimsihi. "Ukiwa na kutu hawaupokei. Sina mtoto mwingine mimi."

Siku aliyovua mpini, Tokuji alikuta shinani, palipofichwa na mpini, jina la mhunzi limefutwa kwa patasi. Si ajabu, majina ya uongo hufutwa. Lakini kutu ndani ya makovu yale ilikuwa nyeusi sawasawa na kutu ya pembeni, ya umri mmoja. Basi aliyelifuta ndiye aliyelichonga. Mhunzi aliikana kazi ya mikono yake! Tokuji aliogopa, lakini alikwisha ahidi.

Jioni hii akauma karatasi tena. Akalowesha jiwe, akaanza kusugua.

Shii... shii...

Harufu ikaja. Si ya chuma. Ya wali wa moto.

"Ryohei..."

Sauti ya mwanamke, laini, karibu kabisa na mkono wake. Upanga ukafanya ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukungu ulipotoka, kidoa kipya kilikuwa pale.

Karatasi ilikuwa bado mdomoni mwake, kavu.

Aliitema, akarukia simu ukutani.

"Mama Ryohei! Mwanao yuko wapi?"

"Si huyu hapa, tunakula. Mbona unahema hivyo, fundi?"

Tokuji aliegemea ukuta. Alhamdulillahi angesema, kama angekuwa mtu wa dini hiyo; alisema tu, "Afadhali."

"Afadhali gani? Hebu mwite wewe, mimi haniitiki. Siku ya tatu hii. Chakula kikifika tu ananyamaza. Leo ameuma karatasi mdomoni, mikono kainua hivi, kama kashika kitu... anakodolea hewa." Akageuka kumwita. "Ryohei?"

Sauti ileile. Laini.

Pale karakanani, upanga ukafanya ukungu.

"Mama, nyamaza!" Tokuji alipiga kelele. "Usimwite! Mate yako yanakuja huku! Funga mdomo!"

"Nifunge mdomo? Mwanangu hapepesi macho, fundi! Ryohei! Ryohei, baba, itika!"

Mama gani atanyamaza mwanawe asipoitika? Alimwita, akamwita, akilia. Na kila alipoita, mbele ya macho ya Tokuji, kutu ilipanda hatua moja kuelekea shinani, mahali pa kushika, pale pa mikono ya Ryohei.