Ndege ya Asajile na Tumbo la Subi

Sogeeni karibu. Aliye nyuma aje mbele. Leo kuna tumbo moja linataka kusema.

Huyu ndiye Subi. Ana miaka sita. Anaishi Mbeya, kwenye baridi, pamoja na Mama, Baba na Bibi.

Subi ana kitanda chake mwenyewe, chenye blanketi la njano. Ana kikombe chake pia, chekundu. Hapendi mtu akiguse.

Siku moja, likizo ilipoanza, akaja Mjomba Ambokile kutoka Dar es Salaam. Mjomba ni fundi wa ndege. Alikuja na mwanawe, Asajile.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, Subi! Umekua, mama. Msalimie binamu yako."

"Mambo," akasema Subi.

"Poa," akasema Asajile. Hakutoa mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika boksi.

Asajile akafungua boksi. Pole pole. Pole pole sana. Ndani mlikuwa na ndege.

Ilikuwa ndege ya vitofali vya kuchezea, vile vya plastiki vinavyobanana. Kachi! Kachi! Kachi! Ndege nyeupe. Mkia mwekundu. Mlango wake unafunguka. Ngazi yake inashuka.

"Hii si ya dukani," akasema Asajile. "Baba amenitengenezea mimi. Ni ndege ya binafsi. Haibebi abiria wa kila mahali. Inanibeba mimi tu."

Mjomba akacheka. "Aliniagiza kama tajiri huyu! Eti, Baba, viti viwe vya bluu. Baba, weka meza ya soda. Baba, rubani avae kofia."

Na kweli, rubani alikuwepo. Mdogo kuliko kidole gumba cha Subi. Nguo nyekundu, uso mwekundu, kofia nyeusi.

Mama akasema, "Loo!"

Baba akasema, "Loo!"

Bibi akavaa miwani, akainama, akachungulia dirishani. "Mwee! Hadi viti!"

Subi hakusema loo. Tumbo lake ndilo lililosema.

Nguruuu!
Si njaa. Ni wivu.

"Maskini, mjukuu wangu ana njaa," akasema Bibi. Akampa kiazi cha kuchemsha.

Subi akala kiazi. Kiazi kikaisha. Wivu haukuisha.

"Asajile, naomba niishike kidogo."

"Hapana. Utaibomoa."

"Kwa kidole kimoja tu."

"Hata kwa kucha."

Nguruuu!
Si njaa. Ni wivu.

"Huyu mtoto ana njaa kweli," akasema Mama. Akampa ndizi.

Subi akala ndizi. Sasa tumbo lilikuwa na kiazi, ndizi na wivu. Lilikuwa limejaa sana.

Ukafika wakati wa chai. Mama akamimina chai kwenye kikombe chekundu. Akampa Asajile.

"Mama! Hicho changu!"

"Shh. Mwenzako ni mgeni," Mama akanong'ona.

Subi akapewa kikombe cha Baba. Kilikuwa kikubwa, kikamfunika uso mzima. Humo ndani akanuna vizuri, bila kuonekana.

Jioni Mama akasema tena, "Asajile ni mgeni, atalala kitandani kwako. Wewe utalala na Bibi."

Blanketi la njano likaenda kwa Asajile. Ndege nayo ikalazwa kwenye mto wa Subi. Hebu fikirini, ndege kwenye mto!

Subi akalala na Bibi. Bibi akamkuna mgongo, kwaru, kwaru, kama afanyavyo kila Subi anapokosa usingizi. Akamsimulia habari za mbuzi mwizi aliyekula kofia ya mwalimu. Subi alicheka kidogo tu. Mawazo yake yalikuwa kwenye ndege.

Nguruuu!
Si njaa. Ni wivu.

Asubuhi Asajile akaenda kunawa uso. Ndege ikabaki mezani, peke yake.

Subi akaja kwa ncha za vidole. Nya, nya, nya. Akataka kuigusa tu. Akaigusa. Akataka kufungua mlango tu. Akaufungua.

Rubani akadondoka kiganjani mwake.

"Ndege isiyo na rubani si nzuri sana," Subi akawaza. Wazo hilo likampendeza. Lilikuwa wazo baya, lakini likampendeza.

Pa! Pa! Pa! Asajile anarudi!

Subi akakimbilia jikoni. Kwenye kigoda kulikuwa na bakuli la maharage, mekundu, yamekwisha kuchambuliwa. Akamtumbukiza rubani humo.

Mwekundu ndani ya mekundu. Hakuonekana tena.

"Nitamtoa baadaye," Subi akajiambia.

"Rubani wangu!" Asajile akapiga kelele. "Rubani wangu hayupo!"

Mjomba akaja. Akaichukua ndege, akachungulia mbele, akachungulia nyuma. Akairudisha mezani.

"Basi," akasema. "Ndege haiondoki."

"Lakini Baba, ulisema leo tunairusha uani!"

"Nilisema. Nilitaka Subi airushe mpaka getini, na wewe uirudishe."

Subi akashtuka. "Mimi? Mimi nilikuwa na zamu?"

"Ulikuwa nayo. Lakini kwetu karakanani, kikipotea kitu, hata kiwe skrubu, ndege haiondoki. Kazi inasimama. Wote tunatafuta."

Basi wote wakatafuta. Baba akatafuta chini ya viti. Mama akatafuta ndani ya viatu. Bibi akapiga magoti akaingia chini ya meza.

"Jamani, magoti yangu," akasema Bibi huko chini. "Rubani, uko wapi, baba? Toka nikuone."

Subi alitafuta chini ya mkeka. Alijua kabisa kwamba rubani hayupo chini ya mkeka.

Kisha akanyata kwenda jikoni. Akatazama bakuli.

Bakuli lilikuwa tupu!

Maharage yalikuwa sufuriani. Sufuria ilikuwa juu ya jiko. Chini yake mkaa ulikuwa unaanza kushika. Bibi alikuwa ameyabandika mapema, ili yawahi mchana.

Subi alitaka kumficha rubani. Hakutaka kumpika!

Nguruuu!
Si njaa. Hata si wivu. Sasa ni hofu.

Subi akarudi mbio. Akavuta shati la Mjomba.

"Mjomba, huko karakanani, mtu akipoteza kitu mnamfanyaje?"

"Akisema mapema, 'ni mimi', hatumpigii kelele. Tunamwambia asante. Halafu anashika kazi, anakitafuta pamoja nasi."

"Na asiposema?"

"Asiposema, ndege inaweza kuruka ikiwa mbovu. Watu wakaumia."

Subi akawaza watu. Akawaza sufuria.

"Ni mimi," akasema. "Niliona wivu. Nimemweka rubani kwenye maharage."

Bibi akatoa kichwa chini ya meza.

"Maharage yapi?"

"Yako, Bibi. Ya mchana."

"Mweee!"

Mjomba mbio! Mama mbio! Baba mbio! Bibi naye mbio, magoti au si magoti. Wote jikoni.

Bahati nzuri, maji yalikuwa ya vuguvugu tu. Mjomba akaipua sufuria. Akageuka kwa Subi.

"Kwanza, asante kwa kusema. Pili, shika kazi."

Bibi akachota maharage kwa upawa, akayamwaga kwenye sinia. Subi akakaa chini akachambua.

Harage.
Harage.
Harage.
Harage.
Kofia!

"Huyu hapa!"

Rubani alikuwa ameloa chapachapa. Lakini alikuwa mzima, na kofia yake kichwani.

"Nimepika maharage tangu usichana wangu," akasema Bibi. "Leo ndiyo mara ya kwanza nusura niunge rubani."

Mama akacheka. Baba akacheka. Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta.

Asajile hakucheka. Akamchukua rubani, akamfuta kwa shati lake. "Wewe mbaya," akamwambia Subi. Akaenda akakaa mlangoni, akawapa wote mgongo.

Subi akamfuata. Akakaa pembeni.

"Nisamehe, Asajile."

Asajile akazidi kumfuta rubani.

"Hata zamu yangu, chukua wewe."

Asajile akavuta magoti kifuani. Halafu...

Nguruuu!

Subi akatazama tumbo lake. Halikuwa lake! Lilikuwa tumbo la Asajile.

"Una njaa?" akauliza Subi.

"Hapana," akasema Asajile. Akachezea kofia ya rubani. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana. "Mimi pia ninaona wivu."

"Wivu wa nini? Una ndege!"

"Wewe una Bibi. Jana usiku nilisikia anakusimulia habari za mbuzi. Kwetu Bibi hayupo. Mimi nililala na ndege, na ndege haikuni mgongo."

Subi alishangaa. Kwake Bibi alikuwa yupo tu, kila siku. Hakujua kwamba mtu anaweza kumwonea wivu kwa sababu ya Bibi.

"Leo tubadilishane," akasema Asajile. "Mimi nilale na Bibi. Wewe ulale na ndege."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Unaweza kumshika hata rubani."

"Nimekubali!" akasema Subi, haraka, asije Asajile akabadili mawazo.

Rubani alipokauka, ndege ikaondoka. Vuuuum! Subi akairusha mpaka getini, ameishika mikononi. Vuuuum! Asajile akairudisha. Zamu ya Subi ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa fupi. Akausubiri usiku.

Usiku ukaja. Subi akalala kitandani kwake, chini ya blanketi la njano. Na ndege ilikuwa yake, yote nzima!

Akafungua mlango. Akafunga mlango. Akashusha ngazi. Akapandisha ngazi. Akamkalisha rubani kwenye meza ya soda, maana hakuna aliyemkataza. Akafurahi mwenyewe.

Kisha akaikumbatia ndege ili alale.

Aa! Mkia ukamchoma shavuni.

Akageuka. Aa! Bawa likamchoma ubavuni.

Akaisukuma kidogo. Kutoka chumba cha pili akasikia sauti ya Bibi, chini chini. Kisha akamsikia Asajile anacheka. Hi hi hi! Lazima ni yule mbuzi.

Nguruuu!

Haya, watoto, ni njaa hiyo?

Subi akashuka kitandani. Sakafu ilikuwa ya baridi. Akaibeba ndege kwa mikono miwili. Ti, ti, ti, mpaka mlango wa Bibi.

"Nani huyo?" akauliza Bibi gizani.

"Ni mimi na rubani. Tumekosa pa kutua."

"Tulisema usiku kucha!" akasema Asajile.

"Ninajua. Chukua ndege yako, Asajile. Mimi ninamtaka Bibi."

Asajile akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na miguu ya Subi ikazidi kupata baridi.

"Bibi ana pande mbili," mwishowe akasema. "Mimi niko huku. Kule kuna nafasi."

Subi akaiweka ndege chini, taratibu, isibomoke. Akapanda. Bibi akawa katikati. Mkono wa kulia akamkuna Asajile. Mkono wa kushoto akamkuna Subi. Kwaru, kwaru. Kwaru, kwaru.

Tumbo la Subi likanyamaza. Tumbo la Asajile likanyamaza.

Asajile akalala. Subi akalala.

Bibi hakulala upesi. Blanketi lote walikuwa wamelivuta, na sasa mgongo wake mwenyewe ulikuwa unawasha.